Mwambie Krosi Aishushe

(Mazungumzo haya niliyatoa Morogoro, mbele ya vijana wanaojifunza uandishi na upigaji picha wa michezo. Waliniomba niyaandike. Nimepunguza marudio, mengine nimeyaacha yalivyotoka mdomoni.)

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Itifaki mnisamehe, sitaipanga. Mimi nimezoea kupanga jezi, na jezi hazinuni ukikosea ya kuanza nayo.

Mwenyekiti amenitambulisha kwa heshima kubwa, eti mdau wa soka wa siku nyingi. Ngoja nimrekebishe kidogo. Nilikuwa mtunza vifaa. Kwa miaka kumi na minne nimefua jezi, nimehesabu soksi, nimepiga viatu brashi, nimebeba ndoo ya barafu kwenye mvua. Timu yenyewe ilikuwa ya mkoani, ya kupanda na kushuka daraja. Jina silitaji, maana wengi niliofanya nao kazi wako hai na simu zao zina chaji.

Mwalimu wenu aliponipigia aliniambia, "Mzee, wewe umekaa chumba cha kubadilishia nguo. Njoo uwaambie vijana ukweli: wachezaji wa timu moja wanapendana au hawapendani?" Nikamjibu kwamba swali hilo ndilo linalowaponza waandishi. Akacheka, akasema basi njoo useme hivyo hivyo. Ndiyo nimekuja.

Nianze na vijana wawili. Mmoja alikuwa winga wa kulia, tumwite Kulia. Mwingine mshambuliaji wa kati, tumwite Tisa. Walisajiliwa msimu mmoja, wakapanga chumba kimoja, wakala sahani moja. Fedha za usajili zilipotoka wakachanga nusu kwa nusu, wakanunua pikipiki ya bodaboda na kumkabidhi dereva. Dereva alikuwa binamu yake Tisa. Miezi miwili hesabu ililetwa kila Jumamosi bila kupungua. Mwezi wa tatu ikaja nusu. Mwezi wa nne dereva akatokomea na pikipiki, mpaka leo. Kulia akasema, binamu yako huyo. Tisa akasema, tulimkubali wote. Yakaishia hapo, na mazungumzo yao nayo yakaishia hapo. Msimu mzima hawakusemezana tena.

Wa kwanza kujua nilikuwa mimi. Kocha hakujua, viongozi hawakujua, mashabiki ndio kabisa. Nilijua kwa sababu kila mmoja alinifuata stoo kwa wakati wake, kwa sauti ya chini, akiniomba jezi yake nisiitundike karibu na ya mwenzake. Ukuta wetu ulikuwa na misumari kumi na minane. Tisa nikamhamishia upande wa mlangoni, Kulia nikamwacha dirishani, na katikati nikamtundika beki mmoja mnene, mcheshi, asiyejua kinachoendelea. Akawa ukuta bila kujijua.

Sasa twendeni uwanjani. Msimu ule Tisa alifunga mabao kumi na moja, na saba yalitokana na krosi za Kulia, mipira aliyoimwaga mbele ya goli kutoka pembeni. Kila bao likiingia walikimbiliana. Mpiga picha mmoja aliwanasa kwenye kibendera cha kona, Kulia amemrukia mwenzake mgongoni, midomo wazi, macho yamefumbwa. Gazeti likaweka neno moja kubwa juu ya picha: MAPACHA. Niliikata, nikaibandika kwenye mlango wa stoo. Kila asubuhi walipita pale kuchukua mipira, mmoja mmoja, na kila mmoja aliitazama kama mtu anayesoma tangazo la mnada wa nyumba asiyoijua.

Chumbani wakati wa mapumziko mambo yalikwenda hivi. Tisa ananiita. "Mzee, mwambie huyo mwenzako krosi aishushe. Inanipita kwenye nywele, mimi naitaka kwenye paji la uso." Navuka chumba. "Kulia, unaambiwa uishushe krosi." Kulia anafunga kamba za viatu, hainui uso. "Mwambie na yeye aache kuwahi nguzo ya kwanza. Asubiri ya pili, ataletewa." Navuka tena. Chumba chenyewe hatua sita. Wanasikiana neno kwa neno. Ila mpaka mimi nilibebe neno, neno halijafika. Nimekuwa mshenga wa watu walioachana.

Kipindi cha pili, krosi ikashuka.

Nawauliza ninyi wa kamera: ile picha ya kibendera cha kona ilikuwa ya uongo? Nimeitafakari miaka mingi, na sidhani. Kwa zile sekunde nne au tano walifurahi kweli. Bao halina binamu, halina pikipiki. Picha ilisema kilichotokea. Aliyedanganya ni neno lililoandikwa juu yake, na aliyeliandika hakuwahi kufika hata getini kwetu.

Msidhani hayo ni mambo ya madaraja ya chini huku mikoani. Wengi wenu hamjazaliwa Mei 1999. Sisi tulikuwa kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, tukiitazama Manchester United ikichukua makombe matatu ndani ya siku kumi na moja. Washambuliaji walikuwa wanne: Andy Cole, Dwight Yorke, Ole Gunnar Solskjaer na Teddy Sheringham. Tuliwapenda wote wanne kwa jumla, kama unavyopenda vidole vya mkono. Kumbe viwili havisemezani.

Cole mwenyewe ndiye aliyekuja kulieleza gazetini mwaka 2010. Chanzo ni Machi 1995, uwanja wa Wembley, London. Kijana Cole anaichezea timu ya taifa ya England kwa mara ya kwanza, dhidi ya Uruguay. Anaingia kutokea benchi, anayetoka ni Sheringham. Anatarajia ashikwe mkono, aambiwe hata neno moja la kumtia moyo. Sheringham akapita zake. Miaka miwili baadaye, 1997, huyo huyo Sheringham akasajiliwa United na kumkuta Cole yupo. Wakakaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo hadi 2001.

Sasa angalieni Mei ile ilivyokwenda. Tarehe 16, mechi ya mwisho ya ligi dhidi ya Tottenham, mapumziko ni 1-1. Alex Ferguson anamtoa mchezaji mmoja: Sheringham. Anayeingia ni Cole. Wembley tena, isipokuwa safari hii ni Old Trafford, nyumbani kwa United. Dakika chache tu baada ya kuingia, Cole anafunga, 2-1, ubingwa. Siku sita baadaye, fainali ya Kombe la FA, Roy Keane anaumia mapema, Sheringham anaingia na kufunga. Tarehe 26, mjini Barcelona, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, dakika za majeruhi, Sheringham anasawazisha dhidi ya Bayern Munich, kisha Solskjaer, aliyeingia badala ya Cole, anamaliza kazi. Kibanda chetu kilivunjika benchi mbili usiku ule. Hakuna aliyeuliza kama hao watu wanasalimiana.

Mtu asije akatoka hapa akasema mzee kasema urafiki hauna kazi. Msimu huo huo Cole na Yorke walikuwa wameshibana, nje ya uwanja na ndani, na mabao yao wawili ukiyajumlisha katika mashindano yote ni 53. Kwa hiyo Cole huyo huyo alikuwa na rafiki kipenzi na mtu asiyemsemesha, wote wamevaa jezi moja, na kutoka jukwaani usingeweza kujua nani ni nani.

Mimi nimeona urafiki ukiharibu timu. Tulikuwa na viungo wawili waliokua mtaa mmoja, mama zao wakiazimana chumvi. Walipendana hasa. Na pasi walipeana wao kwa wao tu. Straika yuko peke yake, anapunga mikono kama anayesimamisha daladala, mpira unarudi kwa yule rafiki aliyezungukwa na watu watatu. Kocha wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja alisimamisha mazoezi, akawaita, akawaambia, "Hapa hatugawani pilau." Akawatenganisha, mmoja akaanza, mwingine akasugua benchi. Walimnunia kocha mwezi mzima, wote wawili, kwa pamoja. Hata kununa walinuna kirafiki.

Na tuzungumzie jambo ambalo mashabiki hawapendi kulisikia, jambo la namba. Shabiki anadhani adui wa mchezaji ni yule aliyevaa rangi nyingine. Yule anamkuta mara mbili kwa msimu. Anayemgombania mkate kila siku, asubuhi na jioni, ni mwenzake anayecheza nafasi ile ile. Wanakula naye, wanalala chumba kimoja kambini, wanaomba dua pamoja kabla ya mechi, na mmoja akiumia nyama za paja, mwingine anapata posho ya kucheza.

Kwa makipa ndiyo balaa. Mabeki wako wanne, ukikosa kulia utajaribiwa kushoto. Golini anasimama mmoja. Kipa wetu namba mbili alikuwa kijana mstaarabu mno. Kila mechi alimpasha moto namba moja kwa nusu saa, akimpigia mashuti, akimwokotea mipira, akimpigia makofi. Mechi moja namba moja aligongana na mshambuliaji, akabaki chini. Kocha akapaza sauti, jiandae. Yule kijana akaja kwangu kuchukua glavu, mikono inamtetemeka hata kuzivaa imekuwa kazi. Akaninong'oneza, "Mzee, nimeomba dua aamke. Halafu nimeomba asiamke." Namba moja aliamka. Kijana akazirudisha glavu, akakaa, akapiga makofi. Kama ungempiga picha pale ungeandika nini chini yake?

Wajerumani waliwahi kutuonyesha hilo mbele ya dunia nzima. Oliver Kahn alikuwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia 2002, kipa na nahodha. Mwaka 2006 fainali ziko kwao, na miezi miwili kabla ya kuanza, kocha Jürgen Klinsmann anatangaza kwamba golini atasimama Jens Lehmann. Hao wawili walikuwa hawaivi, na hawakuficha. Walirushiana vijembe magazetini miaka kadhaa. Ikafika robo fainali, Berlin, Juni 30, Ujerumani na Argentina, 1-1, matuta. Lehmann ameketi kwenye nyasi. Kahn akatoka benchi, akamwinamia, akamshika mkono, akamwambia maneno machache. Lehmann akaenda na kikaratasi chake kwenye soksi, kimeandikwa wapigaji wa Argentina wanapenda kupiga upande gani, akaokoa penalti za Ayala na Cambiasso. Ujerumani ikasonga kwa 4-2.

Ule mkono wa Kahn umeandikwa sana. Kuna waliosema wamepatana, ni marafiki sasa. Kuna waliosema unafiki, anajua kamera zipo. Mimi niliyeshika glavu za kipa namba mbili naona zote mbili ni porojo. Aliyekuwa ameketi pale ndiye aliyebeba timu. Kama alikuwa na jambo la kumwambia, wakati ulikuwa ule. Kahn alikwenda kazini. Na mtu asiyempenda mwenzake, akavuka nyasi mbele ya dunia nzima kwenda kumshika mkono kwa ajili ya kazi, mimi namheshimu kuliko rafiki aliyekwenda kwa sababu anapenda. Klinsmann naye hakumsahau. Mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, dhidi ya Ureno, alimpa Kahn goli lake, wakashinda 3-1, na hapo ndipo alipoagana na timu ya taifa.

Na wapo waliovuka nyasi kwa ngumi. Aprili 2, 2005, Newcastle wanafungwa 3-0 nyumbani na Aston Villa, Lee Bowyer na Kieron Dyer wakatwangana katikati ya uwanja, wote wa Newcastle. Mwenzao mmoja, Steven Taylor, alikuwa ameshatolewa. Wao nao kadi nyekundu, timu ikamaliza na watu wanane. Wenzangu kibandani walipiga kelele za ngumi. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye jezi ya Bowyer, imechanika mbele, nikawaza nani ataishona. Baada ya mechi wakaletwa mbele ya waandishi, kocha Graeme Souness amekaa katikati yao, kama yule beki wangu mnene. Wakaomba radhi. Picha ya ngumi ilizunguka dunia, ya kuomba radhi pia ilizunguka. Lakini sikilizeni chanzo, kama Dyer alivyokuja kusimulia: Bowyer alilalamika kwamba hapewi pasi. Hawakugombea mwanamke wala fedha. Pasi. Baadaye walielewana vizuri tu.

Sasa ninaingia mahali ambapo mtanichukia kidogo. Neno "familia".

Viongozi wetu walilipenda neno hili. "Sisi ni familia moja." Nami niligundua kalenda yake: lilikuwa linatamkwa sana mshahara ukichelewa. Ukilipwa tarehe yako unaitwa mchezaji. Ukidai miezi mitatu unaitwa mwanafamilia. Msimu mmoja tulifika miezi mitatu kamili. Vijana wanakopa unga dukani, mmoja amehamishia mke wake kwao kwa sababu ya kodi. Kiongozi mmoja akaja kambini na mwandishi na mpiga picha. Nikaagizwa nitoe jezi mpya, zile za kabatini ambazo hata kwenye mechi tulizibania. Vijana wakapangwa mistari miwili, mikono mabegani, wakaambiwa wacheke. Wakacheka. Kesho yake gazeti: morali juu kambini. Jezi nikazikusanya, nikazihesabu, nikazirudisha kabatini.

Yule mwandishi alikuwa kijana kama ninyi, wala simlaumu sana, alipewa soda na alikuwa na basi la kuwahi. Ila alikaa na watu ishirini na wawili kwa saa nzima, akawauliza mnapendana? Wakasema ndiyo, sisi ni ndugu. Angeuliza mara ya mwisho mmelipwa lini, angepata habari ya mwaka. Na mchezaji aliyethubutu kulisema jambo hilo hadharani wiki mbili baadaye aliitwa msaliti wa familia. Ndugu anaweza kudai ndugu yake mshahara? Ndivyo alivyoulizwa, mbele yangu, na mtu aliyeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi.

Kwa hiyo nikiona leo kwenye Instagram mchezaji anamtakia mwenzake heri ya kuzaliwa, "kaka wa damu tofauti, Mungu akutunze", huwa natabasamu tu. Nusu ya hizo zinaandikwa na kijana wa habari wa timu, ana orodha ya tarehe kwenye simu. Na nikiona habari kubwa kwamba fulani ameacha kumfuata fulani mtandaoni, timu imepasuka, natabasamu pia. Kulia na Tisa wangekuwa zama hizi wangefuatana mpaka kesho, na mngeandika kwamba wanaelewana.

Wasichana wao wanabebeshwa mzigo mzito zaidi, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu binti wa dada yangu anacheza. Wavulana wawili wakilala chumba kimoja kambini, ni wachezaji wawili. Wasichana wawili wakishuka kwenye basi wameshikana mikono, watu wanaikuza picha kwenye simu, wanatunga hadithi, jioni mama mtu anapigiwa simu kijijini. Nani yuko na nani, nani kamwacha nani. Aliyefunga mabao mawili siku hiyo hatajwi. Binti yetu alikaa mwezi mzima akishuka kwenye basi wa mwisho, peke yake, mikono mfukoni. Picha zake za mwezi ule ukiziona utasema huyu ana kiburi, hapatani na wenzake.

Kuna kijana hapo mbele ananyoosha mkono, nadhani atauliza habari za Simba na Yanga. Nitakujibu kwa kifupi maana muda umekwisha. Machi 24, 2019, uwanja wa taifa, Dar es Salaam, Taifa Stars na Uganda. Tulikuwa hatujacheza AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, tangu 1980. Tukashinda 3-0. Bao la kwanza Simon Msuva, aliyetokea Yanga akaenda Morocco. La pili, kwa penalti, Erasto Nyoni wa Simba. La tatu Aggrey Morris wa Azam. Jukwaani watu waliokuwa hawaachiani hata kiti walikuwa wanakumbatiana wakilia. Wiki iliyofuata walirudi kutukanana kwenye vijiwe vyao, na hakuna kati yao aliyejisikia mnafiki. Shabiki analielewa hilo kwa nafsi yake. Nashangaa kwa nini analikataa kwa mchezaji.

Mkirudi viwanjani, jaribuni kitu kimoja. Bao likiingia kila kamera inamfuata mfungaji. Ninyi achaneni naye. Tazameni mpira unapopotea. Winga amepokonywa, amebaki anashika kiuno, na nyuma yake kuna beki aliyeacha eneo lake mita thelathini kwenda kuziba. Hakuna anayempiga picha yule. Mtazameni nani anayemrudia aliyekosa penalti, na nani anayemwangalia kocha kuona kama kocha ameona. Tazameni basi likisimama: nani anashuka na begi la nani. Mimi kwa miaka kumi na minne sikuwahi kuhitaji kuuliza nani anampenda nani. Nilitazama viatu vinakaa wapi.

Sasa Tisa na Kulia. Kila ninapowasimulia watu huuliza, je, walipatana? Mwalimu wenu ameniuliza kwenye simu, na dereva wa basi lililonileta hapa ameniuliza pia.

Msimu ulipokwisha Tisa alipata timu nyingine, kubwa kidogo. Alikuja stoo siku ya kuondoka, asubuhi sana, wenzake wamelala. Alikuwa na jozi ya viatu vyake vya mechi, vile vyekundu, nilivyokwisha kuvishona mara mbili. Cha kushoto kilifumuka ubavuni mzunguko wa pili, uzi mwekundu sikuwa nao, nikakishona kwa uzi wa kijani wa nyavu za goli. Kila mtu kwenye timu alikijua kiatu kile. Akaviweka mezani.

"Mzee, mpe yule. Tunavaa namba moja. Usimwambie vimetoka kwangu."

Nikamwambia sawa. Akasimama kidogo mlangoni, mbele ya ile picha ya gazeti, rangi imeshapauka kwa jua. Hakuigusa. Akaenda kupanda basi.

Kulia alikuja saa nne kuchukua mipira. Nikamsogezea viatu, nikasema kuna msamaria kaleta, ona kama vitakufaa. Akavishika. Akakigeuza cha kushoto, akapitisha kidole gumba kwenye ule uzi wa kijani, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akakaa kwenye ndoo, akavivaa, akafunga kamba, akasimama, akakanyaga chini mara mbili. Kisha akafungua, akaviweka kwenye begi lake.

"Mwambie vinanibana kidogo," akasema.